King'ora Kilichosubiri Picha

Mwita rafiki yangu,

Kiti chako kimechukuliwa. Wamemweka dada mmoja kutoka Dodoma, mpole, anayesema "samahani" hata akipiga chafya, na siku ya kwanza tu alikishusha kiti hadi chini kwa sababu miguu yake haikufika sakafuni. Nilitaka kumwambia atoke hapo. Badala yake nikamwonyesha jinsi ya kukikwamua kwa teke kikigoma, kama ulivyokuwa unafanya wewe. Kikombe chako lakini nimekificha, na wakikitafuta watakikosa.

Bomani hapa Tarime iko vilevile. Nyuma ya stendi yule mama anayetupikia ndizi bado ananiuliza yule mrefu yuko wapi. Hakuna aliyemwambia, na mimi sina mdomo wa kumwambia. Nasema umesafiri. Juzi akanijibu, "Akirudi mwambie nimepunguza pilipili, asinitukane tena." Nikala haraka nikaondoka.

Nakuandikia nikiwa na hasira, sikufichi. Nina hasira na ofisi na nina hasira na wewe. Ungekuwa hai tungegombana mpaka mchana uishe, halafu ungeninunulia soda ya baridi na kuniambia, "Ghati, una kichwa kama nguzo zako." Sasa nagombana peke yangu, na sijui nani ataniambia ninyamaze.

Nianze na msibani kwenu Ringwani, maana hukusikia yaliyosemwa. Ulikuwepo, ila ndani ya sanduku. Meneja wetu alisimama na miwani yake ya jua, akavuta kipaza sauti karibu, akasema, "Ndugu wafiwa, mtandao ulichelewa. Mitambo yetu ni mizuri, lakini huku mtandao unasumbua, na ndugu yetu Mwita aliingia shambani penye tembo bila tahadhari. Tumwachie Mungu." Watu wakaitikia kwa vichwa. Mtandao unasumbua kweli Ringwani, kila mtu anajua, mpaka upande kwenye kichuguu ndipo simu itoke. Kwa hiyo maneno yake yakapita bila kupingwa, kisha wakaleta chai.

Mimi nilikaa pale na kikombe mkononi. Mtandao gani, Mwita? Wewe na mimi ndio tuliovifunga vile visanduku. Nguzo ndogo za pembeni ya mashamba zinahisi mtikisiko wa tembo ardhini, zinatuma ujumbe wa redio kwenye kisanduku, kisanduku kinawasha king'ora na taa kali, tembo wanageuka kurudi hifadhini kabla hawajaingia kwenye mahindi. Mtandao wa simu unatumika kupeleka picha za kamera yake na taarifa ofisini tu. King'ora kimefungwa kwenye mlingoti uleule wenye kisanduku. Waya wake niliukata mimi kwa mkono wangu, na ni mfupi kuliko kamba ya mbuzi. Ujumbe ulichelewea wapi hapo?

Watu walipoanza kuondoka mama yako aliniita nyuma ya jiko. Nilimwamkia shikamoo, akasahau kuitikia, na mama yako hasahau kitu kama hicho. Akaniambia polepole, kwa kile Kiswahili chake kilichobeba Kingoreme ndani yake, "Mwanangu Ghati, mimi nilisikia matawi yanavunjika. Nikamwambia, Mwita, rudi, huko kuna kitu. Akanijibu, mama, si unasikia kimya? Wangekuwepo kingelia. Akaenda kufungua yule ndama aliyefungwa shambani." Nikamuuliza kama king'ora kililia. "Kililia," akasema. "Kililia mimi nikiwa nimeshafika pale alipolala."

Kwa hiyo ulikufa kwa sababu uliamini kazi yako mwenyewe. Wazee wote wa kijiji walikuwa wanakiangalia kile kisanduku kwa wasiwasi, wanaweka na moto wao wa pilipili wa kufukuza tembo pembeni kwa usalama. Wewe peke yako, uliyekizaa, ndiye uliyekiamini kuliko masikio ya mama yako.

Niliomba ruhusa ya kukifungua. Nikaambiwa kisubiri wataalamu. Nikacheka mbele yao, kwa sababu mmoja wa wataalamu ulikuwa wewe na mwingine alikuwa amesimama pale anaomba ruhusa. Nikakiteremsha hivyohivyo, nikakifunga kwenye kanga, nikapanda bodaboda na baadaye basi nikiwa nimekipakata mpaka Tarime. Mama mmoja kwenye basi akaniuliza mtoto ana umri gani.

Nilianza na vitu vyangu, usije ukasema nilikimbilia kukulaumu. Nilikagua waya wa king'ora, kila mahali nilipolehemu, swichi, betri. Vizima. Nikapima redio kutoka nguzo ndogo hadi kwenye kisanduku: nagonga meza, ujumbe unafika papo hapo. Nikagonga tena na tena. Kila nikigonga, king'ora kinalia, na jirani wa duka la simu anapiga ukuta kwa ngumi. Pale karakana ya Bomani kisanduku chako hakikuchelewa hata kidogo. Nilifika mahali nikaanza kuamini kwamba meneja amesema kweli na mama yako amechanganywa na uchungu. Naona aibu hata kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Halafu nikakumbuka taa. Unakumbuka ulivyonicheka nilipotaka kuweka taa ndogo kwa kila kazi inayofanywa ndani ya kisanduku? "Ghati, huu si mti wa Krismasi." Nikaziweka sasa, bila wa kunicheka. Taa ya king'ora, taa ya picha, taa ya betri, taa ya taarifa ya wilayani. Kazi ikishika zamu ya kutumia ubongo wa kisanduku, taa yake inawaka. Zikawa zinapokezana vizuri, kila moja kwa muda mfupi sana, nami nikabaki nimezikodolea macho.

Lililonifungua akili ni simu yangu. Ilikuwa mezani imejaa mtandao mpaka juu. Nikajiuliza, lini sisi tumewahi kukijaribu kisanduku hiki mahali ambapo mtandao ni mbovu? Majaribio yote tulifanya hapahapa mjini. Kule Ringwani tulikifunga, tukakiwasha, tukala kuku wa mama yako, tukarudi. Basi nikachukua sufuria ya ugali, nikaingiza ndani antena ya mtandao ya kisanduku, nikafunika, nikaweka na jiwe juu ya mfuniko. Mtandao ukadhoofika kama wa kwenu. Nikaanzisha picha, kisha nikagonga meza.

Taa ya picha iliwaka, ikang'ang'ania. Ya king'ora ilikuwa giza. Nikagonga tena. Giza. Ujumbe wa tembo ulishafika ndani, niliuona umefika, umekaa kwenye foleni kama mtu aliyekosa kiti hospitalini. Picha ilikuwa inauliza modemu, umemaliza? Umemaliza? Umemaliza? Haipumziki, haimwachii mwenzake nafasi, na modemu nayo inahangaika na antena iliyofunikwa kwenye sufuria. Nilisimama, nikatembea hadi mlangoni, nikarudi. Ndipo picha ikatoka, na king'ora kikapiga yowe mpaka nikaangusha koleo. Nilikaa chini sakafuni nikalia, Mwita. Nililia kwa sababu nilikuwa nimeuona muda wote ule ukipita, na nilijua wewe ulikuwa unatembea kuelekea kwa yule ndama ukiwa ndani ya muda huohuo.

Nikafungua programu yako. Kazi nne. Kila moja umeipa namba ya kipaumbele cha juu kabisa. Zote nne ni za kwanza.

Na wewe ndiye uliyenifundisha mambo haya! Mimi nilikuwa fundi wa nyaya tu, nadhani kompyuta zote ni moja. Ukanipeleka kwa yule mama wa ndizi, ukaniambia nimwangalie. Ana jiko moja na sufuria nyingi. Maharage yakichelewa hayaharibiki. Maziwa yakianza kupanda anaacha kila kitu, hata mteja akiwa amemnyooshea sahani. Ukasema mfumo wetu wa muda halisi ni hivyohivyo: hauahidi kwamba kila kazi itakwenda mbio, unaahidi kwamba kazi isiyoweza kusubiri haitasubiri, ilimradi wewe mpangaji uiambie ni ipi. "Ukishindwa kuiambia," ukasema, huku mdomo umejaa ndizi, "umenunua jiko zuri na umeunguza maziwa."

Uliyajua yote. Ndiyo maana nina hasira.

Nakumbuka siku uliyotoka kwenye kile kikao cha kupanga kazi za kisanduku. Mimi sikualikwa, nilikuwa nje nabana skrubu. Ulikuja ukanichutamia pale, umelegeza shati, ukaniambia, "Kila mmoja anataka ya kwake iwe ya kwanza. Daktari wa wanyama anataka picha, maana wafadhili wanataka kuona tembo. Mhasibu anataka betri. Mzee wa wilayani anataka taarifa yake ifike kabla hajaulizwa na wakubwa zake. Sasa nani atamwambia mzee yule kwamba ya kwake ni ya nne?" Nikakuuliza, na king'ora? "Nacho nimekipa ya kwanza. Wote wa kwanza, Ghati. Hakuna aliyenuna." Ukacheka. Nikakuambia maziwa yatamwagika. Ukasema turekebishe baada ya wageni kuja kuzindua, sasa hivi ni kuwavunjia wakubwa heshima.

Wageni walikuja, wakapiga makofi, wakapigwa picha, wakaondoka. Wewe ukapewa kazi nyingine. Namba zikabaki zilivyo.

Najua ulikotoa jambo hilo, kwa sababu na mimi nimelelewa hukohuko. Mkubwa akisema unapokea kwa mikono miwili. Huwezi kumkalisha mzee mmoja nyuma ya mwingine, itabidi ueleze sababu, na kueleza sababu tu ni utovu wa adabu. Ukitaka amani unawaweka wote mbele. Kwenye mkeka inawezekana, watu wanasogeleana. Kisanduku hakina mkeka, Mwita. Kina ubongo mmoja, na siku ile ulikuwa umeshikwa na picha ya tembo waliokuja kukuua, ikienda Bomani ili mtu aipendezeshe kwenye ripoti. Nilikuta picha yenyewe ofisini. Iko wazi kabisa, imepigwa vizuri. Walikuwa wameshaichagua kwa ajili ya kalenda.

Nilipomweleza meneja, alinisikiliza mpaka mwisho, nampa haki yake. Kisha akavua miwani, akaniuliza kwa sauti ya upole, "Ghati, unataka kumchafua marehemu? Programu aliandika yeye. Ukisema ni mtandao, kila mtu anapumzika, na yeye anapumzika." Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilitoka. Walikuwa wanajificha nyuma ya kaburi lako, na mlango wa kujificha ulikuwa umewafungulia wewe mwenyewe.

Lakini visanduku vya namna hiyohiyo viko vijiji vingine. Watoto wanavuka mashamba yale wakitoka shule. Kina mama wanaokota kuni huku wanasema kama ulivyosema wewe, wangekuwepo kingelia.

Nikapanda tena kwenda kwenu. Sikutaka mama yako ayasikie kwa watu. Nilimkuta anapura mtama, akanipa kigoda, nikamwambia yote, kwa maneno ya jiko na maziwa kama ulivyonifundisha. Alisikiliza bila kuacha kupura. Akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu alikosea?" Nikamwambia alikosea, mama, alishindwa kuwakatalia wakubwa. Akapura tena kidogo. "Baba yake alikuwa hivyohivyo," akasema. "Sema tu. Watu wajue. Mimi nilizaa mtu, na mtu anakosea. Wasiue na mtoto wa mwingine kwa kumwonea haya mwanangu." Nilitaka kumshika mkono, akawa ameshageuka kuchukua ungo.

Kwenye kikao cha ofisi nilisema. Nilisimama, nikawaambia king'ora hakikuwa kinasubiri mtandao, kilikuwa kinawasubiri ninyi. Nikasema ulikosea wewe uliyekubali, na walikosea wao waliodai. Daktari wa wanyama akatazama dirishani. Mzee wa wilayani akasema binti huyu hana malezi. Mhasibu akauliza taarifa ya betri itakuwa ya ngapi sasa, nakuapia, aliuliza hivyo. Yule dada wa kwenye kiti chako peke yake ndiye aliyenyoosha mkono, akasema, samahani, lakini Ghati yuko sahihi. Uamuzi ukawa ni kuunda kamati, na kusubiri kibali cha wafadhili.

Sikusubiri. Nilichukua kompyuta, nikazunguka na bodaboda kijiji kwa kijiji, mlingoti kwa mlingoti. Yule dada alikuwa amenisaidia kuandika upya sehemu ya picha, ili ikikwama ikae pembeni na kuachia wengine njia. King'ora nimekiweka juu, peke yake, hakuna aliye sawa nacho. Picha ni ya mwisho. Taarifa ya mzee wa wilayani ni ya tatu, na dunia haijaanguka. Niliporudi Bomani nilidaiwa funguo za karakana. Nimezirudisha. Natengeneza redio na televisheni za watu sasa, kwenye kibanda karibu na duka la jirani yule wa ngumi, na kikombe chako kipo hapa mezani kina bisibisi ndani.

Mlingoti wa kwenu niliuacha wa mwisho. Nilikuwa naogopa, nisikudanganye. Nilikirudisha kisanduku mahali pake, nikaanzisha picha kwanza makusudi, ili kiwe katika hali ileile, na mtandao ulikuwa mbovu kama kawaida. Nikamwambia mama yako asimame mbali kidogo nijaribu. Akakataa. Akachukua mchi wake wa kutwangia, akaenda mwenyewe hadi ukingoni mwa shamba, kwenye nguzo ndogo, akauinua akaupiga ardhini kwa nguvu zake zote.

Kililia kabla hajauinua tena. Kuku walitawanyika, taa ikamulika mchana kweupe, na mbwa wa jirani wakaanza kubweka. Mama yako hakushtuka. Alisimama pale ameshika mchi, anakitazama. "Kumbe ndio mapema hivi?" akaniuliza. Nikasema ndiyo, mama, ndivyo kilivyotakiwa kulia siku ile. Akageuka akatazama mti aliokuwa amefungiwa yule ndama, kisha akatazama mlango wa nyumba, kisha akarudi kwenye mti. Nilimwona anavyopima kwa macho, taratibu, hatua zako. "Angefika," akasema. "Ndama angemwacha, lakini yeye angefika mlangoni." Akauweka mchi chini, akakaa palepale kwenye majani, akaanza kulia kama ambavyo hakulia msibani. Nilikaa naye.

Bado nimekukasirikia, Mwita. Sidhani kama itaisha, na sitaki iishe haraka. Ila nakuahidi jambo moja. Nitakuwa nakwenda kwenu kila masika na kila mavuno, kibali wanipe wasinipe, nitapiga mchi pale ukingoni pamoja na mama yako na kusikiliza. Na kikao chochote nitakachokalia, mkubwa yeyote akisema ya kwake iwe ya kwanza, nitamwambia ni ya pili, nimwangalie machoni, na lawama ya kukosa adabu nitaibeba mimi kwa niaba yetu wawili.

Kwaheri, rafiki yangu mrefu. Pumzika huko chini, mama yako nipo naye. Na kuhusu tembo usiwe na wasiwasi tena. Wakija, kitalia.

Ghati